Harufu Ikikufikia, Dawa Inaondoka

Saa yangu ya mkononi ina alama ya dole gumba iliyozama kwenye kioo. Si uchafu. Nimeisugua kwa kitambaa, kwa maji ya sabuni, hata kwa dawa ya meno, na haitoki. Ni mistari ya dole langu mwenyewe, duara ndani ya duara, imegandamana na plastiki kama muhuri kwenye hati. Ilitokea jioni moja nilipojipaka dawa ya mbu yenye DEET, kemikali ya kiwandani ya kufukuza mbu, nikafuta viganja harakaharaka kwenye suruali, kisha nikaishika saa nione wakati. Kulipokucha kioo kilikuwa na ukungu, na katikati ya ukungu lilikuwamo dole langu.

Dada yangu aliiona kabla sijaificha.

"Mdogo wangu, hiyo imefanywa na nini?"

Nikamwambia.

"Na hiyo ndiyo unayojipaka mwilini?" Akaushika mkono wangu, akaugeuzageuza kama anayekagua kitambaa kabla ya kukinunua. "Kama imeyeyusha kioo, ngozi yako imeifanya nini?"

Sikuwa na la kumjibu. Nimewahi kusoma hoja nyingi za kupinga dawa za viwandani, na nyingi ni kelele tupu, lakini hii ilikuwa na ushahidi na ushahidi wenyewe nilikuwa nimeuvaa. Kwa hiyo nikafanya kile ambacho mtu asiye na jibu hufanya. Nikaitupa chupa, nikahamia kwenye mafuta yake.

Dada hutengeneza mwenyewe. Mafuta ya mchaichai, matone ya karafuu, kidogo cha mkaratusi, vyote ndani ya mafuta ya nazi, katika chupa nyeusi yenye kidondoshi. Ukifungua kifuniko, chumba kizima kinajua. Nilinukia kama bustani iliyotoka kunyeshewa, na watu wakawa wananisifu. Mbu nao hawakuacha kunisogelea. Niliumwa vifundoni, niliumwa nyuma ya viwiko, niliumwa kwenye kile kipande cha shingo ambacho ukikikuna hadharani unaonekana huna adabu. Kila mara nilikuwa na udhuru: leo nilijipaka kidogo, jana nilitoka jasho, mbu wa msimu huu ni wakali. Ilichukua karibu mwaka kabla sijafikiria kwamba huenda kosa halikuwa langu wala la msimu.

Ndipo nikafanya jaribio. Lilikuwa jaribio la kijinga, naungama, na simshauri mtu alirudie, hasa anayeishi penye malaria au dengue. Mbu aliyeruhusiwa kuuma kwa ajili ya udadisi anaambukiza sawasawa na yule aliyeuma kwa bahati mbaya. Lakini nililifanya. Nilinunua chupa ya dawa yenye ikaridini, kemikali nyingine ya kufukuza mbu, asilimia 20, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba haili plastiki. Jua lilipozama nikakaa karibu na dirisha lililo wazi, nimevaa soksi, suruali ndefu na kofia ya sweta hadi masikioni, mikono tu ikiwa wazi kuanzia kiwiko hadi vidole. Kushoto mafuta ya dada, kulia ikaridini. Simu nikaiweka mezani ikihesabu dakika.

Dakika kumi za kwanza mikono yote miwili ilikuwa salama, na nilianza kufikiri kwamba nitalazimika kumwomba dada radhi. Mbu walikuja, nikawaona wakielea umbali wa nusu shibiri juu ya mkono wa kushoto, wakapanda, wakashuka, wakageuka. Dakika ya 17 mmoja alitua na kuruka hapohapo, kama aliyekanyaga kitu cha moto. Dakika ya 24 alitua mwingine na hakuruka. Nilimtazama akipanga miguu, akiinamisha kichwa, na ule mrija mwembamba wa mdomo wake ukizama taratibu. Mafuta bado yalikuwa yakimeta chini ya miguu yake. Harufu ya mchaichai bado niliisikia, japo hafifu. Kufikia dakika ya 40 nilikuwa na vivimbe vitatu kushoto.

Kulia hakukuwa na kitu. Saa nzima ikapita, hakuna kitu. Halafu, baada ya kama saa moja na nusu, nikahisi sindano kwenye kifundo cha mkono, pale saa inapokaa. Siku hiyo niliivaa kulia, na kwa kuwa nilishapata somo, niliivua kabla ya kujipaka, nikairudisha baadaye. Ila nilipojipaka nilikuwa nimeliruka eneo lile, nikidhani saa italifunika. Saa ikateleza juu kidogo, ukabaki ukanda wa ngozi wenye upana wa kamba ya kiatu usio na dawa. Mbu aliupata. Hakuuma juu ya dawa, aliuma ubavuni mwake kabisa, kama mtu anayepita kando ya dimbwi bila kulowesha kiatu.

Mambo mawili niliyojifunza jioni ile yamenifaa kuliko maandishi yote ya kwenye vibandiko. La kwanza ni kwamba dawa ya kujipaka si mwavuli. Inalinda pale ilipo na sentimita chache za hewa iliyo juu yake, basi. La pili ni lile la dakika ya 24, na hilo ndilo lililonipeleka kusoma.

Jioni moja na mikono miwili ya mtu mmoja haiwi sayansi, ila wapo waliolifanya jambo hilihili kwa utaratibu. Mwaka 2002 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha jaribio ambamo watu waliojitolea waliingiza mikono yao ndani ya masanduku yenye mbu, wakapima muda hadi mbu wa kwanza aume. DEET ya asilimia 23.8 ililinda kwa wastani wa dakika 301, yaani saa tano na ushee. Bidhaa moja ya mafuta ya soya ilifika takriban dakika 95, jambo lililonishangaza. Nyingine za mimea, nyingi zikiwa za sitronela, ambayo ni ndugu wa mchaichai, hazikufika dakika 20. Bangili za kuvaa mkononi zilizolowekwa dawa hazikulinda kabisa. Nilipoisoma ile dakika 20 nilicheka peke yangu. Mafuta ya dada yalikuwa yamefaulu kuliko ya viwandani!

Kwa nini dakika 20? Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na ni mara chache nimekiona kikielezwa. Mbu anayeuma ni jike, anatafuta damu kwa ajili ya mayai. Kutoka mbali huongozwa na hewa ya kaboni dayoksaidi unayoipumua. Akikaribia hufuata joto la mwili, unyevu na harufu za jasho, mojawapo ikiwa ya asidi ya laktiki. Dawa ya kufukuza haimuui. Kazi yake ni kuivuruga ile hatua ya mwisho, na ili iivuruge lazima iwe inapanda hewani kidogokidogo kutoka kwenye ngozi, dakika baada ya dakika. Ikipanda haraka mno, itakwisha. Isipopanda kabisa, mbu hataijua mpaka amekwishatua.

Mafuta ya mimea yenye harufu kali yametengenezwa na molekuli nyepesi zinazoruka haraka. Ndiyo maana yananukia! Pua yako haiwezi kusikia kitu kilichotulia kwenye ngozi, inasikia kilichoruka. Ile harufu nzito ya mchaichai iliyojaa chumbani nilipofungua chupa, ile niliyoihesabu kuwa ndiyo nguvu ya dawa, ilikuwa dawa yenyewe ikiniaga. Nilikuwa nimeyapima mambo kinyume kwa mwaka mzima. Kadiri chupa ilivyonukia ndivyo nilivyoiamini, na kadiri ilivyonukia ndivyo ilivyokwisha.

Unaweza kuichelewesha. Kuyachanganya na mafuta mazito kunasaidia kidogo. Vanilini, kile kitu kinachoipa vanila harufu yake, kimejaribiwa na kuonekana kurefusha muda wa mafuta kama hayo kwa sababu hupunguza kasi ya kuruka. Lakini kuchelewesha ni kuchelewesha tu.

DEET haina harufu ya kusifiwa. Ikaridini karibu haina kabisa. Zinakaa. Ile asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, ambayo kwa miaka niliisoma kama kipimo cha ukali, kumbe ni kipimo cha muda. DEET ya asilimia 10 na ya asilimia 30 zinamfukuza mbu vilevile katika dakika ya kwanza, tofauti ni kwamba ya kwanza itakwisha baada ya kama saa mbili na ya pili itakufikisha saa tano hivi. Ukipita asilimia 50 huongezi muda wa maana, unaongeza tu mafuta kwenye ngozi. Kwa hiyo anayetoka kwa saa moja na kujipaka ya asilimia 80 hajajilinda zaidi ya jirani yake, amejipaka tu kitu kingi zaidi.

Sasa nirudi kwenye saa, maana swali la dada lilikuwa bado linadai.

Ni kweli DEET huyeyusha baadhi ya plastiki, na rangi ya kucha, na vitambaa vya kunyumbuka. Pamba na sufu haivigusi. Inafanya hivyo kwa sababu ni kiyeyusho kinachoelewana na plastiki za namna hiyo, na ngozi si plastiki. Maelezo hayo niliyatoa mbele ya dada, na yalikuwa sahihi, na hayakumgusa hata kidogo. Alinitazama vile unavyomtazama mtoto aliyekariri.

Ndipo nikaomba puto. Mwanawe alikuwa na moja, jekundu, lililobaki kwenye sherehe. Nikachukua ganda la chungwa, nikalikunja karibu na puto, nikaliminya. Yale matone madogo yasiyoonekana vizuri yanayoruka kutoka kwenye ganda yakalipata. Puto likapasuka kwa kishindo.

Ndani ya ganda la chungwa na limau mna mafuta yanayoitwa limonini, na limonini hula mpira wa puto. Huyeyusha pia ile plastiki nyepesi nyeupe ya kufungia vyombo visivunjike. Ni ya asili kwa asilimia mia, imetoka kwenye mti, hakuna kiwanda kilichoigusa.

"Umemliza mtoto," dada akasema, "ili ushinde ubishi."

Ni kweli mtoto alikuwa analia. Nikaenda kumtafutia puto jingine. Lakini niliporudi lile swali la saa halikuulizwa tena, na badala yake dada akanieleza jambo ambalo alikuwa hajaniambia. Miezi kadhaa nyuma mtoto huyohuyo aliumwa na mbu shavuni, naye akampaka tone la mafuta ya karafuu yasiyochanganywa na kitu. Kufikia jioni shavu lilikuwa limekuwa jekundu, pana kama sarafu, na ngozi ikabambuka siku mbili baadaye. "Karafuu ni kali kuliko nilivyodhani," akasema, akitazama pembeni. Mafuta ya karafuu yamejaa eujenoli, kitu kinachounguza ngozi kikipakwa kikavu hivyo. Limonini na linaloli, kitu kingine kinachoyapa mafuta ya mimea harufu, zikikaa muda mrefu kwenye chupa iliyofunguliwafunguliwa hubadilika zikikutana na hewa na kuwa visababishi vya mzio. Mafuta ya bagamoti, tunda la jamii ya chungwa, yakipakwa kisha mtu akatoka juani huweza kuacha madoa ya kuungua.

Sisemi haya ili kuitia mimea doa. Nasema kwa sababu neno "kemikali" limefanywa tusi, na kibandiko kinachosema "haina kemikali" hakisemi kitu, maana hata maji ni kemikali. Cha kuuliza ni kemikali ipi, kiasi gani, juu ya nani, na imepimwa na nani.

Kwa upande wa kupimwa, DEET ina historia ndefu kuliko karibu kila kitu unachojipaka. Ilitoka kwenye vita. Askari wa Marekani waliopigana kwenye misitu ya tropiki walikuwa wakiangushwa na magonjwa ya wadudu, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia maabara ya Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo iliyopo Orlando ilipitia maelfu ya michanganyiko ikitafuta cha kupaka. Jeshi lilikuwa nayo DEET mwaka 1946 na raia wakaruhusiwa kuitumia mwaka 1957. Tangu hapo imepakwa na watu wengi kupita hesabu. Kiasi fulani huingia mwilini kupitia ngozi na kutoka kwa mkojo. Yapo matukio machache ya madhara ya mfumo wa fahamu yaliyoripotiwa, mengi yakihusu watu walioinywa au kuitumia kupita kiasi, ndiyo maana hutakiwi kuipaka chini ya nguo, kwenye kidonda, wala kwenye viganja vya mtoto ambaye kidole chake hakikai mbali na mdomo. Ukirudi ndani, unaoga. Nchini Thailand wajawazito karibu 900 waliingizwa kwenye jaribio, nusu wakijipaka DEET kila siku katika miezi ya kati na ya mwisho ya mimba, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 hayakuonyesha madhara kwa mama wala kwa mtoto. Nitafutie jaribio kama hilo la mafuta ya mchaichai.

Na hapa kuna mtego wa kisheria ambao wasomaji wengi hawaujui. Nchini Marekani, mafuta ya sitronela, ya mchaichai, ya karafuu na mengine kadhaa yamo kwenye orodha ya viuatilifu vya hatari ndogo, ambavyo havilazimiki kusajiliwa na EPA, shirika la mazingira la huko. Kwa kuwa hayasajiliwi, mtengenezaji hapeleki huko ushahidi kwamba mbu wanakimbia kweli. Msamaha ulitolewa kwa sababu hatari ni ndogo, na mnunuzi anausoma kana kwamba ni cheti cha ufanisi.

Nikifika hapa watu hudhani nimehamia kambi ya viwanda moja kwa moja. Sijahamia, kwa sababu mojawapo ya dawa bora ninazozijua ni ya mti. Ni mkaratusi ule wenye harufu ya limau, Corymbia citriodora. Majani yake yakikamuliwa mafuta yanatoa kitu kiitwacho sitronelali, tele, yenye harufu ya kukufanya ufumbe macho, na inayopotea upesi kama ndugu zake. Wachina walipoyachunguza mabaki yaliyosalia baada ya kukamua, yale ambayo mtu angeyamwaga, wakakuta ndiyo yanayomzuia mbu kwa muda mrefu. Ndani ya mabaki mlikuwa na kitu kizito kisicho na harufu kubwa, kinachofupishwa PMD. Siku hizi PMD hupatikana kwa kuitibu sitronelali kwa asidi. Dawa yenye PMD ya kutosha hulinda kwa saa kadhaa, ikikaribiana na DEET ya kiwango cha kati, na CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, kimeiweka kwenye orodha ya dawa kinazozipendekeza pamoja na DEET, ikaridini na IR3535, kemikali nyingine ya kufukuza mbu.

Haya niambie, hiyo ni ya mimea au ya kiwandani? Imeanzia kwenye jani, ikapita kwenye asidi. Chupa yake itaandikwa "ya asili", na kwa haki. Ila mtu akiusoma uzuri wa mkaratusi kisha akanunua mafuta ya kawaida ya mkaratusi ya kunusa wakati wa mafua, amenunua kile kinachoruka na kuacha kile kinachokaa. Tafuta herufi PMD kwenye kibandiko. Zisipokuwepo, unanunua manukato. Na PMD yenyewe haipakwi mtoto aliye chini ya miaka mitatu, ya asili au si ya asili, kwa kuwa inaweza kuyadhuru macho na haijathibitishwa kwa watoto wadogo hivyo.

Ule ukuta kati ya pande mbili una matundu kila unapogusa. Ikaridini ilibuniwa kiwandani na Bayer katika miaka ya 1980, lakini umbo lake ni la ukoo mmoja na kile kinachoipa pilipili manga ukali. Pareto ni ua, linafanana na deizi, na unga wake huua wadudu kwa dakika chache. Wakemia waliuiga mpaka wakapata pamethrini, mwaka 1973, inayokaa muda mrefu zaidi juani, ambayo hupakwa kwenye nguo na vyandarua wala si kwenye ngozi, na ambayo ikiwa bado mbichi huweza kumuua paka. Udi wa mbu wa kuzunguka kama konokono ulianza Japani mwishoni mwa karne ya 19 ukiwa na unga wa pareto, mmea kabisa, lakini moshi ni moshi. Utafiti mmoja wa mwaka 2003 ulikadiria kwamba kuchoma udi mmoja hutoa chembe laini sawa na zile za sigara 75 hadi 137. Huo nao uliwahi kuwa "njia ya asili" chumbani kwangu, madirisha yamefungwa.

Kwa hiyo mimi sasa siulizi tena kama ni ya mmea au ya kiwanda. Nauliza nitakuwa nje kwa muda gani, na mbu wa hapo amebeba nini.

Nikitoka kumwagilia maua kwa robo saa mahali ambapo mbu ni kero tu, mafuta ya dada yananitosha na ninayapenda. Nikikaa nje jioni nzima penye malaria, ninajipaka kitu kitakachokaa kuliko mazungumzo. Mbu wa malaria huanza kazi giza linapoingia na huendelea mpaka alfajiri, hana kelele nyingi, na akitua huinua mkia juu kama aliyepiga magoti. Mbu wa dengue na chikungunya, yule mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya magharibi, na hapo ndipo wengi hukosea, wanajipaka usiku peke yake. Shirika la Afya Duniani linapozungumzia magonjwa haya hutaja DEET, ikaridini na IR3535, basi. Kwa mjamzito aliye penye ugonjwa, mimi sitathubutu kumwambia ajaribu mchaichai.

Usingizi una hesabu yake. Hakuna kitu cha kujipaka kinachoifikia alfajiri kwa uhakika, kwa hiyo usiku kazi ni ya chandarua chenye dawa. Mtoto wa chini ya miezi miwili hapakwi chochote, naye anafunikwa chandarua kwenye kitanda chake au kwenye kigari. Mafuta ya kuzuia jua yanatangulia, yakishakauka ndipo dawa ya mbu ije juu. Vile vifaa vinavyodai kufukuza mbu kwa mlio usiosikika vimefanyiwa majaribio ya nje kumi yaliyokusanywa na kupitiwa pamoja, na hakuna lililoonyesha mbu kupungua. Usinunue.

Mkoba wangu wa safari una ikaridini. DEET ninayo nyumbani kwa safari za kuingia porini, na saa ninaivua, na ukanda ule chini yake ninaupaka. Saa ni ileile. Kioo kipya kingegharimu karibu sawa na saa mpya, na nimeshaizoea kuusoma wakati kupitia dole langu.

Wiki iliyopita tulikaa nje na dada, jua likizama. Alitoa chupa yake nyeusi, akajipaka miguu na mikono, na ile harufu ikanifikia kwenye kiti changu mita tatu mbali. Hakusema kitu nami sikusema kitu. Akachukua simu, akabonyezabonyeza, akaiweka pajani. Tukaongea habari za watoto, za mjomba anayeumwa goti, za nyumba inayovuja. Alikuwa katikati ya sentensi simu yake ilipolia. Dakika 20 zilikuwa zimekwisha. Akaikata kengele, akaitega upya, akakidondosha kidondoshi kiganjani, akaanza tena na vifundo, kisha akaendelea na habari ya mjomba pale alipokuwa ameiachia.